Maji ya Zamu ya Loth

Loth alifika kwenye ndiva jua halijatoka vizuri, jembe begani, suruali imekunjwa mpaka magotini, akamkuta Ernesta ameketi juu ya gogo la kuzibia mlango wa maji. Alikuwa ameketi kama mtu aliyekuja kushinda hapo: khanga mbili, chupa ya chai na kikombe kimoja.

Wakasalimiana vizuri tu. Loth akamwita shemeji, maana Ernesta aliolewa na marehemu kaka yake. Akaulizwa watoto, akasema hawajambo. Akaulizwa ng'ombe aliyezaa juzi, akasema naye hajambo. Halafu akamwomba shemeji asogee kidogo, afungue maji yake.

"Sisogei," akasema Ernesta.

Wakati huo tulishakuwa wengi pale ukingoni. Ugomvi wa maji kwetu hauhitaji kadi ya mwaliko. Rogathe, yule jirani yangu ambaye hata kuku akitaga anajua kabla ya mwenye kuku, alikuja na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akatafuta mahali pazuri pa kuonea.

Kwa asiyezijua ndiva zetu, ni lambo la udongo lililochimbwa na mababu ubavuni mwa mlima. Jioni mlango unazibwa. Usiku kucha mfereji unaotoka msituni unalijaza, na alfajiri mwenye zamu anafungua. Jua likishapanda limebaki tope na vyura. Ni lazima kufungua alfajiri, kwa sababu mfereji wa kwenda mashambani ukishapata joto unayanywa maji wenyewe kabla hayajafika mbali. Na shamba la Loth ndilo la mwisho kabisa, kule chini ambako ukisimama unaona malori ya Makanya yakitimua vumbi. Mahindi yake yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, majani yamejikunja kama sigara. Akikosa maji siku ile, zamu ingezunguka kwa watu wote kabla ya kumrudia. Hakuna hindi linalosubiri hivyo.

Sasa utauliza, Ernesta alikuwa na kichaa gani. Kichaa kililetwa na binti yake, Jumapili, baada ya ibada.

Jenifer anafanya kazi Same mjini, kwenye taasisi moja ya ramani za maji, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Si ya biashara, inaendeshwa kwa misaada. Kazi yao hasa ni bahari. Wanachukua picha zinazopigwa na setilaiti, wanatazama maji ya pwani, wapi kina kirefu, wapi matumbawe, wapi tope. Ndilo hilo tope lililowaleta kwetu. Waliona bahari karibu na mdomo wa mto imekuwa nyekundu, wakaufuata mto kwenye picha, kona kwa kona, mpaka wakafika milimani, wakafungua ofisi Same ili wachore kila tone linaloteremka. Mkuu wa ofisi ni Hamidu, mtu wa Pangani, mpole, anayevaa koti hata mchana kwa sababu anasema Same kuna upepo wa kuua. Rogathe alishatangaza kwamba huyo Hamidu atamwoa Jenifer. Jenifer alishakana. Rogathe hakuona sababu ya kukana huko kuharibu habari nzuri.

Jumapili hiyo Jenifer alituambia ramani imekamilika, na Alhamisi inapelekwa kwenye kikao cha kugawa maji ya mto wetu. Kuna mwekezaji wa mashamba ya tambarare ameomba mto mzima uingizwe kwenye bomba. Kikao kitatazama ramani. Penye alama ya maji yanayotumika, watu watabakiziwa. Pasipo na alama, hakuna wa kubakiziwa.

 

Akasema kwenye ramani ndiva yetu ni doa la kahawia, na limeandikwa limekauka, halitumiki. Na aliyeliandika ni yeye mwenyewe.

Wacha kelele zizuke. Mama yake alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kanisani. Jenifer akaeleza, machozi yamejaa lakini sauti imara. Setilaiti yao hupita juu yetu mchana, kabla ya saa tano kidogo. Alipitia picha za miaka kadhaa, na kila picha ndiva ni tope kavu. Mezani kule, mbele ya kompyuta, mahali hapa palikuwa ni namba tu katikati ya mamia ya namba, akaziwekea alama usiku na mchana ili kazi iishe. Amekunywa maji haya, ameogelea humu akachapwa kwa kuogelea, na hakukitambua kidoa kile. Alipolitambua jina kwenye nakala ya mwisho, alimkimbilia Hamidu, na Hamidu akamjibu kwamba ramani haichori wanayoyakumbuka watu, inachora yanayoonekana.

Kilichobaki kilikuwa picha moja tu. Setilaiti ingepita Jumatano, siku moja kabla ya kikao. Ndiva ikutwe imejaa.

Mwenyekiti wa ndiva, mzee Zephania, akauliza Jumatano ni zamu ya nani. Macho yote yakamgeukia Loth. Loth alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu chake cha Jumapili. Hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Zephania akasubiri, halafu akasema basi tumekubaliana. Sisi wenyewe tulijua hatujakubaliana, ila kila mtu alikuwa na njaa na njia ya kwenda nyumbani.

Ndiyo maana Jumatano hiyo Ernesta alikuwa juu ya gogo.

"Sikukubali mimi," Loth akasema. "Nilinyamaza."

"Ungesema kanisani basi."

"Kanisani nilikuwa nasali, shemeji. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha raha. Loth akaweka jembe chini, akasogea. Akamwambia Ernesta kwa sauti ndogo kwamba hatamgusa, anamheshimu, lakini ana watoto wanaokula mahindi na hawali ramani. Ernesta akasema wake pia wanakula mahindi, na mwakani watakula nini. Jenifer akaingia katikati yao, akampigia magoti baba yake mdogo pale kwenye matope, na suruali yake ya ofisini.

"Baba mdogo, kosa ni langu. Si la mama, si la ndiva. Nipe mpaka saa tano."

"Saa tano maji hayafiki kwangu, mwanangu. Unajua."

"Najua."

 Loth akaondoka akakaa peke yake upande wa pili wa ukuta wa ndiva, amewapa watu mgongo. Hakukubali, hakukataa. Tabia yake ile ile.

Jua likapanda. Maji yakazidi kuingia. Ndipo tukaanza kugundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Jenifer na kompyuta yake, si Zephania na uenyekiti wake. Ukuta ule tangu ujengwe haujawahi kuombwa ubebe maji mpaka katikati ya asubuhi. Kila siku unajaa alfajiri na kupumzishwa alfajiri. Zephania alituma vijana wawili wakimbie juu msituni kugeuza mfereji unaoingiza, lakini ni mwendo mrefu, na maji yalikuwa yamefika usawa wa ukingo, yanalamba nyasi.

Mawingu nayo yakaanza kuteremka kutoka kilele cha Shengena. Kwanza moja jembamba, halafu mengine. Jenifer alikuwa anatazama juu, anatazama simu, anatazama juu. Wingu likifunika, setilaiti inaliona wingu tu. Rogathe akaanza kuomba kwa sauti mawingu yaondoke, mke wa Zephania akamnyamazisha, kwa sababu kiangazi kama kile kumwomba Mungu aondoe mawingu ni kutafuta balaa.

Aliyeona uvujaji ni Loth. Alikuwa ameketi chini ya ukuta, na makalio yake yakalowana. Akasimama, akageuka. Sehemu ya ukuta, usawa wa kifua, ilikuwa inatoka jasho. Kisha jasho likawa uzi wa maji. Kisha uzi ukaanza kutoka na udongo.

Chini ya ukuta huo kuna nyumba tatu, na moja ni ya Rogathe.

Zephania akapiga pembe. Pembe ya msaragambo, ya kuitia kazi ya kijiji kizima, ikipigwa, Mpare anaacha alichoshika. Hata kama umegombana na kijiji kizima, hata kama una kesi na mwenye kuipiga, unakwenda. Kazi ya wote haina mtu aliyenuna. Asiyekwenda anatozwa mbuzi, lakini mbuzi si kitu. Ni watoto wako watakaoulizwa miaka yote baba yenu alikuwa wapi. Watu wakateremka kutoka kila upande na mapanga, mifuko, mabeseni. Migomba ikakatwa. Udongo ukajazwa kwenye mifuko ya mbolea. Wanawake tukapanga mstari, mfuko unapita mkono kwa mkono, na midomo haikulala, maana huwezi kupokea mfuko kwa mtu bila kumwambia neno.

Loth ndiye aliyekuwa mbele. Hakuambiwa na mtu. Alivua shati, akalikunjakunja na majani, akalisokomeza kwenye tundu, akaweka bega. Maji yakamtokea ubavuni, ya baridi ya msituni, akawa anatetemeka huku anaagiza: mgomba hapa, mfuko pale, si hivyo, wewe umelelewa wapi.

Zephania akaja akatazama, akatikisa kichwa. Akasema inatosha, tufungue. Ramani si mali kuliko watu. Akamwambia Ernesta ashuke kwenye gogo, na safari hii Ernesta akasimama, kwa sababu mwenyekiti amesema na nyumba za watu ni nyumba za watu.   Kwenye simu ya Jenifer ilibaki kama nusu saa.

"Acheni," akasema Loth.

Zephania akamwambia hayo ni maji yake, si ndiyo aliyoyataka tangu asubuhi?

"Yalikuwa yangu alfajiri. Saa hizi mkifungua yanaishia njiani, shambani kwa Isihaka, kwangu hayafiki hata ya kunawa. Yangu yameshakwenda, mwenyekiti." Akasogeza bega, maji yakamrukia usoni, akatema. "Sasa msiniambie yamekwenda bure. Toeni watoto nyumba za chini, mlete mifuko."

Rogathe ndiye aliyekimbia wa kwanza, akatoa watoto wake, wa jirani, mbuzi, redio, na godoro. Halafu, nitamsema siku zote lakini hili nitamsifia, akarudi kwenye mstari wa mifuko.

Sijui niseme ile nusu saa ilikuwa ndefu kiasi gani. Wanaume watano sasa walikuwa wameegemeza migongo ukutani na Loth. Vijana wa mfereji wakapiga kelele kutoka juu kwamba wamegeuza maji, lakini yaliyokuwa njiani bado yaliendelea kuteremka. Wingu likafika. Kivuli kikaingia upande mmoja wa ndiva, kikatambaa polepole juu ya maji kama mtu anayevuta shuka. Jenifer alikuwa amesimama katikati ya ukingo, simu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kitu. Sote tulikuwa tunatazama juu, na juu hakukuwa na cha kuona.

Nusu ya ndiva ikawa kivulini, nusu inang'aa.

"Imepita," akasema Jenifer.

Ernesta na Zephania wakaling'oa gogo pamoja. Maji yakatoka yakinguruma, na Loth akaanguka kwa magoti palepale, bega limemtoka malengelenge. Yale maji, kama alivyosema, yaliishia shambani kwa Isihaka.

Hapo likabaki la kusubiri picha. Jenifer alisema haiji mara moja, inachukua saa kadhaa mpaka ishuke kwenye kompyuta ya Hamidu kule Same. Watu hawakwenda makwao. Tulijazana kwa Ernesta, ndani, barazani, mpaka kwenye banda la kuni. Ernesta akateleka makande ya sufuria kubwa ya misiba, Rogathe akaleta maziwa. Loth alikaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, amevikwa blanketi, amepakwa mafuta begani. Watu walikuwa wanapita mbele yake kwa adabu kama mbele ya mgonjwa.

Simu ililia alasiri. Jenifer akaweka sauti ya wazi, kwa sababu asingeweka tungemnyang'anya.

Hamidu akasalimia, akasema picha imefika. Wingu limefunika nusu ya kijiji. Karatasi zikasikika. Kisha akasema pembeni mwa wingu kuna maji. Meusi, safi, hayana ubishi.

Nyumba nzima ikataka kupiga vigelegele. Jenifer akainua mkono.

Hamidu akaendelea. Tatizo, kompyuta imeikataa picha hiyo. Miaka yote pakavu, leo ghafla maji; inaona ni kosa, pengine ni kivuli cha wingu. Naye, kwa kweli, anaona picha moja kama hii inanuka. Akauliza:

"Jenifer, mmeyazuia makusudi?"

Rogathe alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, kidole mdomoni. Zephania alitazama chini. Hata Ernesta, mwanamke wa kwaya, niliona midomo yake ikimwambia: sema hapana. Loth peke yake alimtazama Jenifer bila kumwonyesha ishara yoyote.

"Ndiyo, bosi," akasema Jenifer. "Tumeyazuia. Baba yangu mdogo amepoteza mahindi yake kwa hilo, na ukuta nusura uue watu."

Mtu mmoja barazani akasema tumekwisha. 

Jenifer hakungoja aulizwe. Akasema kila usiku lambo linajaa hivyo hivyo, kila alfajiri linafunguliwa, na setilaiti inakuja watu wameshamaliza. "Bosi, ile mikoko ya kwenu Pangani, picha ikipigwa maji yakiwa yametoka, unaandika pale ni nchi kavu?"

"Siandiki. Natazama kwanza maji yalikupwa saa ngapi."

"Basi na huku yanakupwa. Kila asubuhi."

"Bahari haifunguliwi na mtu," akasema Hamidu, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Tukamsikia anavuta kiti. Akauliza linafunguliwa saa ngapi hasa. Jenifer akamtazama Zephania, Zephania akasema mwanga ukianza tu, ukiweza kuona vidole vyako. Hamidu akarudia maneno hayo taratibu, kisha akasema tusikate simu.

Akaeleza huku anabofya. Kuna setilaiti nyingine, ya rada, inaona hata penye giza na wingu. Wao huitumia baharini tu msimu wa mvua. Huku milimani hawajawahi kuifungua, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna haja. Na hiyo hupita alfajiri.

Tukasikiliza mibofyo. Makande yakaanza kushika chini, hakuna aliyekwenda kuyageuza.

"Limejaa," akasema Hamidu. Mbofyo. "Hili la mwezi uliopita, limejaa." Mbofyo. "La mwaka juzi, limejaa. Hili nalo." Akavuta pumzi. "Jenifer, yote yamejaa. Nabadilisha alama usiku huu, na asubuhi nakwenda mwenyewe kikaoni kulisemea. Hawatasema pamekauka."

Sasa vigelegele vikatoka. Rogathe alimkumbatia mtu asiyemsalimia tangu Pasaka. Ernesta alikuwa analia ndani ya khanga. Katikati ya zile kelele Loth akanyoosha mkono, akaomba simu, na tukanyamaza mmoja baada ya mwingine mpaka akasikika kuku kwenye banda la kuni.

"Bwana Hamidu. Mimi ndiye Loth, mwenye zamu ya leo. Hizo picha za alfajiri, jana ulikuwa nazo?"

"Zilikuwepo, mzee wangu."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Kwa hiyo ya leo ilikuwa ya nini?"

Jenifer alifumba macho. Hamidu hakujitetea. Alisema bila ile picha ya leo asingeshtuka, na bila kushtuka asingeuliza, na asingekwenda kutafuta za alfajiri. Akasema anajua jibu hilo halishibishi mtu. Akaomba radhi, kwa jina lake na la baba yake, kama wanavyofanya watu wa pwani wakimaanisha.

Loth akasikiliza mpaka mwisho, akamrudishia Jenifer simu.

Ernesta akasema kesho ni zamu yake yeye, Loth aichukue. Loth akasema ya kesho haimtoshi, ardhi imeshapasuka, inataka maji siku mbili mfululizo. Zephania akakohoa, akasema keshokutwa ni yake, mahindi yake machanga bado, yanaweza kuvumilia. Isihaka, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango tangu alipojua maji yameishia kwake, akasukumwa mbele na wanawake, akasema na yeye yupo, ya tatu wampe. Kila mwanamume aliyetoa alitazamwa na mke wake kwa jicho ambalo nitalisimulia siku nyingine.

Loth hakushukuru. Alihesabu kwa vidole siku hizo tatu, akazihesabu tena, akafikiri kama mahindi ya juu ya mtaro yanaweza kuamka na yale ya chini yaachwe yafe. Akasema pengine nusu itapona. Nusu si haba, wala si shamba.

Kisha akauliza kama yale makande yameungua yote, na kama hayajaungua yote, mbona hajapewa.